Fahali Wangu na Fahali wa Shemeji

Katika boma la mjomba, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua kutengeneza picha kwa AI, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Kama shemeji angekuja na ujuzi wake kutoka chuoni, ningemheshimu na kulala usingizi wangu. Lakini alijifunzia kwenye simu yangu, mimi nikiwa nimeketi kando yake kwenye benchi nikimwonyesha pa kubonyeza.

Shule niliiacha nikiwa darasa la saba. Siwezi kusingizia karo wala ugonjwa. Siku moja nilitoka kwenda kutazama trekta lililokwama na mzigo wa miwa matopeni, nikakaa hapo mpaka likatolewa, kisha nikalifuata nione linakokwenda. Tangu hapo nimeishi hivyo. Nimepakia miwa Matungu. Nimechoma matofali Musanda. Mumias nilimfanyia kazi mwenye duka la vitambaa, Mwislamu mpole aliyenisalimu kila asubuhi kwa salamu ndefu, na siku ya kunifukuza akaniaga kwa salamu ndefu vilevile. Kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, halafu hamu ikaniisha na miguu ikaanza kuwasha.

Picha nilikutana nazo mjini Kakamega, kwenye kibanda cha fundi wa simu niliyekuwa nikimsaidia kufungua skrubu. Mwanafunzi mmoja alileta simu ibadilishwe kioo, na tulipoiwasha kuijaribu akaandika sentensi moja, tukangoja kidogo, kikatokea kitu ambacho hakijawahi kuwepo: paka amevaa sare ya askari, ameketi juu ya pikipiki. Nilimwomba arudie. Akarudia, akatokea paka mwingine. Sikuuliza jina lake wala anasoma nini. Niliuliza tu ile programu inaitwaje na inakula bando kiasi gani.

Nilianza na vitu ninavyovijua. Niliandika, "Mama anasonga obusuma jikoni," yaani ugali wetu. Nikaletewa mwanamke aliyevaa shuka jekundu, shanga zimempanda hadi kidevuni, anakoroga uji mweupe kwa kijiko cha fedha katikati ya mbuga, na nyuma yake twiga akichungulia sufuria. Niliomba msitu wa Kakamega, nikapewa msitu kweli, ila simba alikuwa amelala juu ya tawi kama kuku. Niliomba wapigaji wa isukuti, na mikono yao ikawa imeyeyukia ndani ya ngoma. Kwa mashine hiyo Kenya nzima ilikuwa uwanda mmoja mkavu, na sisi wa huku, tunaonyeshewa na mvua karibu kila alasiri, tulikuwa tumesahauliwa kabisa.

Sikuvunjika moyo, maana kitu kinachokosea ndicho kinanipendeza. Nilijifunza kuongeza, "bila twiga." Nilijifunza kutaja saa ya siku, na kama ardhi ina tope au vumbi. Nilijifunza kwamba ukiomba maandishi ukutani utapewa herufi za lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza. Fundi alipopoteza nafasi ya kibanda chake, nilibeba begi na ujuzi huo nikaenda kwa mjomba, ng'ambo ya Khayega. Kwetu mwiwa, yaani mtoto wa dada, hafukuzwi kwa mjomba wake. Anaweza kusemwa, anaweza kunyimwa nyama nzuri, lakini kufukuzwa hapana.

Shemeji ni mke wa mtoto wa mjomba. Binamu yangu huyo huendesha lori la masafa marefu, na kila anaporudi watu husimama kumpokea kama mbunge. Mkewe alisomea ualimu na alikuwa bado anangoja kuajiriwa, kwa hiyo alilima, akapika, akangoja. Siku moja alikuwa akichambua maharagwe kwenye benchi la mlangoni mwa jikoni, nami nimeketi kando yake.

"Shemeji," akasema, "hiyo simu unaichekeanga nini? Ama umepata mtu?"

"Nimepata ng'ombe anaendesha baiskeli."

"Lete nione."

Nilimwonyesha. Kusema kweli nilitaka astaajabu, maana katika boma lile hakuna mtu aliyewahi kustaajabia kitu changu. Alicheka, akapangusa mikono kwenye leso, akaichukua simu.

"Na nikisema mvua?"

"Sema mvua yoyote unayotaka."

Akaanza kuandika. Akaandika, akafuta, akatazama paa, akaandika tena. Nilimwambia, "Si barua, shemeji. Inataka maneno kidogo." Aliendelea kuandika. Aliporudisha simu, kiooni kulikuwa na jiko letu. Silo lenyewe, lakini mtu wa kwetu angelijua: mabati yaliyoshika kutu pembeni, mbingu ya rangi ile inayotangulia mvua ya mawe, kuku ametandaza mabawa juu ya vifaranga, na karai limewekwa chini ya ukingo wa paa kukinga maji. Hapakuwa na twiga. Hapakuwa na shanga.

Shemeji aliitazama kidogo, akakunja uso.

"Hii karai ingekuwa ya bluu," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nilibaki na ile picha mkononi. Watu husema wivu unachoma, lakini wangu haukuchoma. Ulikuwa kama kumeza kipande cha obusuma cha moto na kujifanya mbele ya wageni kwamba hujameza kitu.

Alichukua simu kuukuu ya mumewe, nikamwekea programu, na muda si mrefu boma likawa lake. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba picha za siku yao. Watoto wa jirani walitaka kujiona wakiwa marubani. Walikuwa wakinipita pale kwenye benchi na kuuliza, "Mwalimu yuko?" Mimi ndiye niliyewaambia yuko. Mama mmoja aliniuliza kama ni kweli nilimfundisha, nikasema ni kweli, nikanyoosha mgongo kidogo.

"Basi mwanafunzi amekupita kama ambulensi," akasema, akaingia jikoni.

Nilijitafutia sababu, na niliipata upesi. Ni Kiingereza. Mashine hizi zimezaliwa ng'ambo, zimelelewa kwa Kiingereza, na shemeji ana Kiingereza cha chuo. Mimi nina kile cha darasa la saba, tena cha muhula wa kwanza. Sababu hiyo ilinisaidia sana. Ilinifanya nimwonee wivu kama mtu anavyomwonea wivu mwenye gari: hupendi, lakini unajua kwa nini yuko mbele yako. Sikuwahi kumuuliza anaandika nini. Nilipopita karibu naye nilitazama kando, kama mtu anayepita mlango wa bafu.

Halafu ikaja habari ya fahali.

Mjomba ana fahali wa kupigana. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ni la mwanasiasa. Kwa wasiojua mchezo wetu, huku mafahali hupigana wao kwa wao, Jumamosi alfajiri, na yule anayegeuka na kukimbia ndiye ameshindwa. Fahali wa kupigana hafanyi kazi ya jembe. Anakatiwa nyasi nzuri, ananolewa pembe kwa kipande cha chupa, na anafichwa. Zizi la mjomba liko nyuma ya ghala, limezibwa kwa majani ya migomba, na siku za vita zikikaribia mgeni haruhusiwi kuzunguka kule. Wanawake nao hawakaribii zizi. Na picha, kabisa hapana. Mjomba anaamini kwamba aliye na picha ya ng'ombe wako ameshaingia zizini mwako. Anaweza kuipeleka anakojua na ng'ombe akaamka siku ya vita miguu haina nguvu. Kuna jamaa aliyempiga fahali picha wakati mmoja akaifuta mbele ya mashahidi, kisha akafungua simu mahali pote pengine ili waone kwamba hakubakiza.

Sasa watu wa upande wa pili, ambao fahali wao angekutana na wetu, walikuwa wamechapisha bango. Bango kubwa la kitambaa, fahali wao amesimama katikati ya moto. Habari ililetwa na mshika kamba wetu, jirani wa mjomba ambaye kazi yake siku ya vita ni kumwongoza fahali. Alikuwa ameliona sokoni na hakuweza kutulia.

"Wana bango kama la kanisa la mikutano," akasema. "Na sisi? Tutaenda hivi hivi, kama watu wanapeleka ng'ombe mtoni?"

Mjomba akanigeukia.

"Mwiwa. Hiyo simu yako inachoranga. Tuchoree ng'ombe. Lakini simu isiingie zizini."

"Haitaingia, mjomba."

"Na mwenye picha ndiye atabeba bango mbele."

Pengine kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Siku ya vita, msafara hutoka nyumbani na isukuti, watu wanaimba, wameshika matawi, na kila mmoja ana nafasi yake. Yuko wa kamba. Yuko wa kupuliza pembe. Yuko wa kumimina maji. Nafasi hizo hupewa watu waliokaa, waliomjua fahali tangu akiwa ndama. Mimi tangu utotoni nimekuwa mtu wa kando ya barabara. Kila mara nilikuwa nimefika juzi au nitaondoka kesho. Kutembea mbele ya fahali wa mjomba, nikiwa nimeshika kitu nilichokitengeneza mwenyewe, ndicho kilikuwa kitu pekee ambacho nimewahi kukitaka kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kutaka vitu.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Baba, na mimi naweza kujaribu?"

Mjomba hakutazama upande wa jikoni. Hatazamani ana kwa ana na mke wa mwanawe, ndiyo heshima yao. Alijibu akitazama mgomba. "Aliye na picha alete."

"Na ya mwanamke ikishinda?" mshika kamba akauliza. "Mwanamke hatembei mbele ya ng'ombe."

"Bwana yake anarudi Ijumaa," mjomba akasema. "Atabeba yeye."

Hapo wivu wangu ukawa wa watu wawili. Binamu yangu, mwenye lori, mwenye nyumba ya mabati mapya, mwenye mke anayejua kutengeneza mvua, alikuwa atembee pia mbele ya fahali kwa kazi ambayo hata hakuifanya. Niliondoka hapo nikaenda kuketi chini ya ukingo wa ghala, nikaanza.

Niliandika, "Mafahali wawili wanapigana." Nikaletewa fahali mmoja na mwanamume mwembamba mwenye suruali ya kubana iliyonakshiwa dhahabu, ameshika kitambaa chekundu. Mshika kamba alikuja akasimama begani kwangu.

"Huyu bibi harusi anafanya nini na ng'ombe?"

Nilimwondoa yule mtu. Akarudi akiwa mkono tu, umetokea pembeni na kile kitambaa. Niliandika, "Hakuna mtu, hakuna kitambaa," na mtu akaondoka kweli, lakini akaacha uwanja wa mviringo wenye mchanga na kuta za matao, mafahali wamesimama ndani yake kama wageni waliopotea njia. Nilifanya kazi kwa siku kadhaa. Niliweka nyasi zilizokanyagwa. Niliweka ukungu wa asubuhi. Niliweka watu wenye matawi, mashine ikawapa shuka na shanga, nikawavua mmoja mmoja. Naweza kusema bila kujisifu kwamba kila kosa la mashine ile nilikuwa nimelijua na kulifungia mlango.

Kisha nikamshughulikia fahali. Nilitaka atishe. Niliandika hasira, nikaandika hasira kali, nikaandika macho mekundu, nikaandika moshi unatoka puani. Alitoka mkubwa kama nyumba, mweusi, pembe zimetanuka kushoto na kulia kama usukani wa baiskeli. Nilimpenda. Nilimwonyesha mshika kamba, akasema, "Huyu akija kwangu nahama." Nililala vizuri siku hiyo.

Asubuhi ya kuonyesha, mjomba aliketi uani na mshika kamba akitafuna muwa. Shemeji hawezi kumpa baba mkwe kitu mkononi, kwa hiyo aliweka simu yake juu ya kigoda, akarudi nyuma hadi mlangoni mwa jikoni. Ilikuwa kazi yangu kuitwaa na kuipeleka. Yaani mimi ndiye niliyekuwa mikono ya mpinzani wangu. Niliichukua, na kabla ya kuvuka ua nikatazama.

Alikuwa yeye. Sijui niseme vipi. Pembe ya kushoto ilikuwa imeinama kuelekea jichoni. Sikio lilikuwa na ule mkato aliotoka nao kwenye waya wa ua. Nundu imelala upande mmoja. Weusi wake ulikuwa umefifia mgongoni na kuwa kahawia, kama alivyo akisimama juani. Hakuwa na moshi wala macho mekundu. Alikuwa ameshusha kichwa kidogo na kukigeuza, na ukimtazama ulitaka kugeuka nawe uone ni nini amesikia.

Simu ilikuwa kiganjani mwangu na kidole gumba kilikuwa juu ya kioo. Hakuna aliyejua kilichomo isipokuwa mimi na shemeji. Sitasema ni wema ulionizuia kuifuta. Nilihisi shemeji ananitazama mgongoni, na zaidi ya hilo sikutaka ipotee kabla sijaitazama vizuri. Ndiyo aina mbaya ya wivu hiyo, ile inayotaka kitu kiwe kibaya na wakati huohuo inataka kukitazama tena.

Mjomba alichukua yangu kwanza. Aliishika mbali na macho.

"Huyu anavutanga sigara?"

"Ni hasira, mjomba."

"Nani alimkasirisha?"

Mshika kamba alicheka hadi makapi ya muwa yakamtoka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua kinachofuata. Nikampa ya shemeji.

Mjomba alivua kofia, akaiweka gotini. Mshika kamba aliinama kutazama, akaacha kutafuna.

"Nani alipiga hii?" mjomba akauliza.

"Haikupigwa. Imetengenezwa, kama yangu."

"Nauliza nani aliingia zizini!" Sasa sauti ilikuwa imepanda, na ingawa alikuwa ameutazama mgomba, kila mtu alijua inakwenda jikoni.

"Sikuingia, Baba," shemeji akajibu. "Dirisha la jikoni linaangalia huko. Namwona kila asubuhi nikiosha vyombo. Hata yeye ananionanga."

Tuligeuka wote. Lile dirisha dogo lenye moshi, ambalo mimi nilidhani ni tundu la kutolea joto, lilikuwa limeelekea moja kwa moja pale ambapo majani ya migomba yamepungua. Miaka yote mjomba amemficha fahali wake kwa wageni, wapita njia na waganga wa mbali, na kumbe anatazamwa na mtu mwenye sufuria mkononi. Mshika kamba alifunika mdomo. Mjomba alitazama dirisha, akatazama simu, na kwa kitambo nilidhani atacheka naye. Hakucheka.

"Hii haitoki hapa," akasema. "Wakiona hii pembe, watajua anapigia upande gani. Sikio lenyewe limo! Hii ni kuwapelekea ng'ombe wakamshike." Akanirudishia simu yangu. "Bango ni huyu wa moshi."

"Lakini mjomba, huyu si yeye."

"Ndiyo maana."

Mshika kamba alinipa mkono, akautikisa kwa nguvu. "Hongera, mwiwa. Umeshinda kwa kukosa."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ningetembea mbele. Niliirudisha simu ya shemeji kwenye kigoda, na nilipoinua uso alikuwa anacheka peke yake, hana kinyongo hata kidogo, na hilo nalo nikalihesabu dhidi yake. Mtu akikuchukia kidogo anakupunguzia mzigo.

"Nionyeshe ulichoandika," nikamwambia. Nilikuwa nimevumilia vya kutosha. "Nionyeshe hiyo Kiingereza yako."

"Kiingereza gani?"

Akafungua, akanipa. Nilisoma nimesimama, jua likiwa kwenye kioo, nikakikinga kwa mkono.

"Fahali mweusi ambaye si kijana," alikuwa ameandika. "Weusi wa sufuria ya kuni, lakini mgongoni jua limemgeuza kahawia. Pembe ya kushoto imeinamia jicho. Sikio la upande huo lina mkato, usizibe. Nundu imelala kama mzigo uliofungwa vibaya. Amesimama kwenye nyasi zenye umande nyuma ya ghala. Hana hasira. Amesikia ndoo na anangoja kujua kama ni yake."

Hapakuwa na neno moja la Kiingereza. Kilikuwa Kiswahili chetu, tena chepesi kuliko changu. Nilirudia kusoma nikitafuta mahali ambapo shule ilikuwa imeingia. Mkato wa sikio hausomewi chuoni. Ningefurahi sana kukuta maneno nisiyoyajua.

"Ulijuaje kusema isizibe?" nikauliza.

"Mara ya kwanza ilimpa sikio zima. Nikaona si yeye." Alichukua simu, akaitia mfukoni mwa aproni. "Namwangalianga tu, shemeji. Pale dirishani nina kazi gani nyingine?"

Mimi nilikuwa nikilala chumba kilicho karibu na zizi. Nilimsikia akipumua. Nilimkatia nyasi. Na nilipotaka kumchora nilienda kuketi chini ya ghala nikamtafuta ndani ya simu.

Bango lilichapishwa mjini. Mchapishaji aliuliza kama ni la filamu. Jumamosi tulitoka alfajiri, isukuti zikiwa mbele na nyuma, na mimi nikiwa mahali pangu, fito mbili mikononi na kitambaa kikivuma kati yake. Binamu yangu alikuwa amerudi na lori, na akatembea katikati ya waimbaji kama mtu mwingine yeyote. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Umande ulinilowesha hadi magotini na nikafurahi. Watu walitoka kwenye vichochoro vya miwa na mahindi wakipiga kelele.

"Angalia ng'ombe ya moshi!"

"Hiyo imetoka Uganda ama imetoka kuzimu?"

"Wewe wa bango, mpeleke hospitali, kifua imeziba!"

Niliwajibu wote. Nilikuwa na majibu mengi asubuhi ile. Lakini kila mara nilipogeuka kuona kama msafara unanifuata, nilimwona fahali mwenyewe, nyuma ya mshika kamba, kichwa amekishusha kidogo na kukigeuza. Nilitambua mkao ule. Nilikuwa nimeujua kutoka kwenye picha ya shemeji, na sasa singeweza kumwona kwa njia nyingine. Fahali halisi alikuwa akifanana na kazi ya shemeji, huku yangu ikinipigapiga usoni kwa upepo.

Vita vilikuwa vifupi. Walikutana, wakasukumana, udongo ukapaa, na wetu akaingiza ile pembe iliyoinama mahali ambapo mwenzake hakuitarajia. Yule wa moto aligeuka, akapita katikati ya watu na kutokomea mahindini. Mjomba baadaye aliapa kwamba ni bango lililowachanganya, kwamba walimwandaa fahali wao kukutana na pembe pana. Inawezekana. Watu walikimbilia uwanjani, wakaimba, wakambeba mshika kamba. Bango nililiweka chini ili nishangilie, na nilipolitafuta lilikuwa limekanyagwa, limegeuka rangi ya tope. Hakuna aliyeuliza liko wapi.

Jioni, boma likiwa limejaa watu na ingokho, yaani kuku, zikiwa kwenye masufuria, mjomba aliniita kando, nyuma ya nyumba. Nilidhani ni pongezi. Alitoa mfukoni simu aliyonunuliwa na mwanawe, ambayo huitumia kupokea tu.

"Ile nyingine," akasema kwa sauti ya chini. "Ya huyo wa jikoni. Niwekee hapa. Mahali mtu hataona."

"Mjomba, si ulisema ni hatari?"

"Vita vimeisha. Niwekee."

Nilienda mlangoni mwa jikoni, nikamwomba shemeji anitumie. Alinitumia bila kuuliza, mikono imejaa unga. Nikaipeleka kwenye simu ya mjomba, nikaificha ndani, nikamfundisha njia ya kuifikia. Hakushika njia. Alitaka tu kuiona. Aliketi kwenye gogo akaishika mbali na macho, na uso wake ukawa wa mtu aliye peke yake.

"Mwangalie," akasema. "Huyu ananijua."

Kioo kilizimika, kama simu zinavyofanya zisipoguswa. Akanisogezea bila kunitazama. Niligusa, fahali wa shemeji akarudi, mjomba akaendelea kumtazama. Kikazimika tena, nikagusa tena. Nilikaa hapo kwenye gogo kazi yangu ikiwa hiyo, kumwashia, na kila alipowaka nilimtazama na mimi, nikitafuta mahali pamoja ambapo shemeji alikuwa amekosea.